Mwendo Wangu Si Swaga, Ni Nyonga

Haya wadau, ile video ya msanii mmoja, jina kapuni, mmeshaiona. Kashuka stejini anachechemea, koment zikajaa: "kalewa huyo", "swaga hizo". Mie sikucheka. Lake silijui, ila mwendo kama ule ninao, basi leo nasema langu.

Mie wa Madungu, hapa hapa Chake. Nilipofika miaka saba nikaanza kuchechemea, na kilichokuwa kinauma ni goti. Tulipokwenda kwanza wakapiga picha ya goti, wakaliona zima, tukarudishwa na panadol. Majirani wakasema nimeanguka mkarafuuni nikaficha, wengine eti nimekanyaga kitu. Miezi ikapita, mpaka daktari mwengine akasema pigeni nyonga. Kumbe nyonga ikiumwa, maumivu yanaweza kushukia gotini. Wazazi, shikeni hapo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Perthes. Damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja inakatika, mfupa unakufa, unalainika, halafu unajijenga upya taratibu kwa miaka. Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 mpaka 8, wavulana kuliko wasichana. Madaktari watatu waliuandika mwaka 1910, Mmarekani, Mfaransa na Mjerumani, na sababu yake mpaka leo haijajulikana sawasawa. Kwa hiyo mama yangu hakukosea kitu, na wala hakuna aliyenikanyagisha.

Nilipasuliwa Dar nikiwa na miaka minane. Walikata mfupa, wakaugeuza ili kichwa kikae vizuri ndani ya kikombe chake, wakafunga chuma. Operesheni hairudishi damu, inasaidia tu mfupa ukijijenga upya utoke duara. Ukitoka duara, unaweza kuishi miaka na miaka bila shida. Ukitoka bapa, kiungo kinasagika mapema, na wengine ukubwani huishia kuwekewa nyonga ya bandia, kazi ambayo hata MOI pale Muhimbili inafanyika. Wangu umetoka katikati.

Sasa nina ishirini na tano. Mguu mmoja mfupi sentimita mbili, fundi viatu ananiongezea soli. Skuli nilimaliza, mpira naangalia tu Gombani, mkarafuu sipandi. Na kikao cha tahiyatu kinaniua, ndo maana siku nyingi naswali juu ya kiti, mie na wazee wa safu ya pembeni.

Kiti hicho ndo kilinitia jasho mwaka huu. Nimepeleka posa, na baba wa binti tunaswali msikiti mmoja. Wiki tatu nikalazimisha kukaa chini ili asione. Mchana natabasamu, usiku silali kwa maumivu. Mwisho nikamwambia binti kila kitu, operesheni, chuma, na kwamba mbele huko huenda nikapasuliwa tena.

Akanyamaza kidogo, akasema: "Kiti baba kakiona tangu Ramadhani. Anachoniuliza ni kwa nini siku hizi hukikalii."

Posa bado haijajibiwa, wadau. Lakini Ijumaa iliyopita nilirudi kwenye kiti changu, na usiku nikalala.

Na wewe uliyeandika "kalewa", nenda kafute kwanza, halafu njoo utiririke hapa chini.