Dengu za Mbugani

Nilipomaliza Chuo cha Kilimo Ukiriguru katikati ya miaka ya 1980, nilikuwa naijua pamba kuliko nilivyowajua binamu zangu. Haikuwa ajabu. Kituo cha utafiti cha pale, kusini mwa Mwanza mjini, kilikua kwa ajili ya pamba tangu miaka ya 1930, na mbegu zilizotoka hapo zinabeba herufi zake: UK 77, UK 82, UK 91. Kalenda niliyopewa ilianza na mvua za Novemba ikaishia kwenye mavuno. Kiangazi kilikuwa cha kung'oa miti ya pamba na kuichoma moto ili wadudu wasivuke msimu. Baada ya hapo, kazi hakuna.

Nikapangiwa kijiji kimoja cha Kwimba. Mwezi wa tano ulipoanza, mvua zikiaga, nikawaona watu wanafunga ng'ombe kwenye plau upya. Mpunga umetoka majarubani, na kinamama wanafuata nyuma ya plau wakidondosha mbegu kwenye mtaro. Nilimsogelea mmoja, nikasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikauliza wanapanda nini wakati mvua ndiyo zinakwisha. "Dengu, bwana shamba. Hizi hazitaki mvua, zinataka ardhi iliyokunywa." Akachimba kwa jembe kina cha kiganja, akatoa bonge jeusi, akalifinya. Lilishikana bila kuchuruzika maji. Akalitupa chini, likabaki zima. Hapo ndipo mbegu inaingia, alisema. Likipasuka umechelewa, likinata mkononi utaozesha mbegu.

Chuoni tulikuwa tumesoma kuhusu Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, aliyeeleza miaka ya 1930 jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Aliuita mpangilio huo katena, na sayansi ya udongo inalitumia neno hilo duniani kote. Wasukuma walikwishaugawa mteremko huo kwa majina yao: luseni, mchanga ulio karibu na vilima vya mawe, itogolo, ule mgumu wa katikati, na mbuga huko chini, mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mvua ya miezi sita hujificha kwenye mbuga. Mzizi wa dengu hushuka kuifuata, hata zaidi ya mita moja, huku juu udongo umekauka kabisa.

Maji peke yake hayatoshi. Dengu ni zao la baridi. Asili yake ni upande wa kusini-mashariki mwa Uturuki, na Wahindi huzipanda Oktoba na Novemba, mvua zao kubwa zikiisha, ili zikue wakati wa majira yao ya baridi. Sisi tuko karibu na ikweta na hatuna majira ya namna hiyo. Tulicho nacho ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na kipupwe cha Juni hadi Agosti, anga jeupe, usiku unaoshuka hadi nyuzi 15 au 16. Joto likipita nyuzi 35 wakati wa maua, maua hupukutika. Mvua ya ghafla nayo ni balaa, kwa sababu huleta magonjwa ya ukungu.

Anayetaka kulijua zao hili apite shambani saa moja asubuhi, akiwa na michubuko mikononi. Majani na maganda ya dengu yana vinyweleo vinavyotoa tindikali, na umande ukishachanganyika nayo unawasha kama ndimu kwenye kidonda. Suruali zangu za kazi zilipauka magotini kabla ya sehemu nyingine yoyote. Ajabu ni kwamba tindikali hiyo haimzuii funza wa vitumba, yuleyule anayetoboa pamba. Kwa hiyo sisi tuliodhani tumemshindisha njaa kwa kuchoma miti ya pamba, tulikuwa tumemwandalia mlo mwingine bondeni.

Baadaye nilihamia karibu na ziwa, na huko mambo ni mengine. Ziwa huhifadhi joto, usiku wa pwani hauwi baridi kama wa Kwimba, na udongo mwingi ni wa kichanga. Kipupwe cha huko ni cha pampu na kabichi, nyanya na vitunguu. Kabichi hufunga vizuri wakati huo. Shida ilikuwa umbali: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na bustani nzuri zote zilikuwa ndani ya hizo mita 60. Nilichoka kubishana. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika kupita kiwango cha 1964, lilimaliza ubishi lenyewe.

Kilichoniudhi kazini ni karatasi. Ofisi moja niliyoitumikia ilihesabu msimu kuwa mmoja, ule wa mvua, na pembejeo zilifuata hesabu hiyo. Mwaka mmoja mbegu bora za dengu zilitufikia katikati ya Juni, mbuga imeshafunga. Tulizigawa hivyo hivyo, picha zikapigwa. Aina zilizofanyiwa kazi Ukiriguru pamoja na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao, Ukiriguru 1 na Mwanza 1 hadi 3, ni nzuri na zinavumilia mnyauko, lakini hakuna aina inayoota kwenye tofali.

Soko nalo lina mkono mrefu. Sisi wenyewe hatuzili sana, labda unga wa bajia; nyingi huenda Asia ya Kusini. Mwishoni mwa 2017 India ilipandisha ushuru wa dengu, na wakulima wetu ambao hawajawahi kuiona Delhi wakaanza kuulizia habari zake.

Nilipostaafu nilinunua kipande cha mbuga Misungwi. Muuzaji aliniambia kwa uaminifu kwamba maji yanatuama na pamba haikubali. Nikamlipa siku hiyohiyo. Masika nakiachia mpunga, na ikifika mwisho wa Aprili naanza kupita na jembe, nafinya udongo.