Barua Niliyoitia Sahihi Killiney

Mwaka 2022 nilitia sahihi barua ya kuzuia nyumba za watu zisijengwe. Niliandika jina langu lote, langu na la marehemu baba, nikalipa euro 20 za halmashauri, nikapewa risiti. Nasimulia haya kwa sababu wenzangu wa Tanga na Mombasa nilio nao hapa Dublin wananitetea. Wanasema sikukielewa Kiingereza cha barua ile, au majirani walinizunguka. Hakuna aliyenizunguka. Niliisoma barua mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Tunaishi Killiney, kusini mwa Dublin, pale kilima kinaposhukia baharini. Ghuba yake watu waliifananisha na ile ya Naples, ndiyo sababu ukipita huku utakuta Vico Road na Sorrento, majina ya Kiitaliano katikati ya mvua ya Ayalandi. Nyumba nyingi zinajulikana kwa majina kuliko namba. Mimi nimetoka Ngamiani, ambako hata barabara zenyewe ni namba, na mtu akikaanga samaki Barabara ya Tisa jirani anajua kama mafuta yamepata moto. Huku unaona ukuta mrefu wa matale, juu yake majani yaliyokatwa yakanyooka, halafu geti la namba za siri. Ndani hujui kuna nini. Watu ni waungwana, hilo nisiwaonee. Watakusalimu, watakuuliza upepo umeuonaje, na hapo salamu imekwisha. Miaka mitatu hakuna aliyegonga kwangu kuomba hata kiberiti.

Na pazuri jamani. Nikitoka zamu ya usiku hospitalini, treni inakuja kandokando ya bahari, nashuka stesheni iliyo juu tu ya ufuo, nakuta wazee wa miaka sabini wanatoka kuogelea mwezi wa Desemba, wamejifunika majoho mazito, wanacheka, chai mkononi. Utotoni tulikuwa tukienda Raskazoni siku ya Idi, tunatembea kandokando ya nyumba za wakubwa zinazotazama bahari, na mama alikuwa akituambia tusiguse ua wa watu. Sasa ua ulikuwa wangu. Niliupenda mno.

Basi lilibandikwa tangazo kwenye kiwanja chenye jumba kuukuu, si mbali na kwetu. Mjenzi anaomba kibali cha fleti, ghorofa tano. Kwa sheria ya huku, mtu yeyote ana wiki tano za kupeleka maoni halmashauri. Jirani wa nyumba ya pili alikuja mlangoni. Alilitamka jina langu sawasawa, kila silabi, nikajua kwamba amemuuliza mtu au amelifanyia mazoezi. Alinialika kwake Alhamisi. Nilikwenda na sinia la vitumbua.

Ile jioni naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Moto kwenye meko, chai kwenye vikombe vya bibi wa mtu, watu kumi na mmoja. Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza habari za Tanga, akasikiliza hadi mwisho. Kisha barua ikasomwa. Magari yataongezeka. Miti itakatwa. Fleti zitatupa kivuli kwenye bustani za watu. Na sentensi iliyorudiwa mara tatu: jengo halilingani na hadhi ya eneo.

Hakuna aliyetaja maskini, wala wageni. Hakukuwa na haja. Sheria inautaka mradi mkubwa wa nyumba utenge sehemu, hadi asilimia 20, kwa ajili ya nyumba za halmashauri na za bei nafuu, na sote tuliokaa pale tulijua maana yake ni familia gani zitakuja. Barua ilipofika kwangu nilitia sahihi. Jirani mmoja aliamua kwamba kila mtu apeleke nakala yake mwenyewe ili zihesabiwe nyingi, nami nikapeleka yangu.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilitaka tu kuwa mwenyeji. Ni kweli, lakini ni nusu. Usiku ule kabla ya kulala nilifungua simu nikatafuta bei za nyumba za Killiney. Nilitazama yetu ingeuzwa ngapi, nikajaribu kukisia zile fleti zingeipunguza kiasi gani. Mume wangu alikuwa amelala. Sijamwambia hadi leo, atalisoma hapa.

Sasa niseme habari za dada yangu. Si wa damu. Ni mtu wa Mombasa, mkubwa kwangu, aliyenipokea nilipofika Dublin mwaka 2011. Alikuwa na chumba kimoja karibu na stesheni ya Connolly, yeye na mtoto, akanitandikia godoro chini miezi minne. Kila jioni nilikwenda kutafuta chumba changu, nikikuta foleni ya watu kwenye ngazi, wote wameshika barua za waajiri wao, na kila jioni nilirudi kwake nikakuta ameniwekea ugali ndani ya kitambaa usipoe. Hakunidai hata senti ya umeme.

Mwaka ule nilipotia sahihi, mwenye nyumba yake alikuwa ameamua kuuza. Dada alihamishiwa makazi ya dharura, chumba cha hoteli, yeye na watoto wawili. Kupika marufuku. Nguo anafulia kwenye sinki. Nilijua. Nilikuwa nikimpelekea pilau Jumapili kwenye vyombo vya kufunika. Nilimpelekea pilau Jumapili na barua nikaipeleka Jumatatu, na sikumbuki kama moyo ulinishtuka.

Majalada ya vibali huku ni ya wazi. Barua ya anayepinga huwekwa kwenye tovuti, na jina lake. Binti wa dada, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alikuwa akifuatilia kila mradi uliotangazwa kusini mwa mji, akipiga hesabu zake za lini watapata nyumba. Yeye ndiye aliyeliona jina.

Dada alinipigia. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Mdogo wangu, kwani ghorofa tano zina kivuli kiasi gani?" Nikaanza kueleza habari za magari. Nilieleza magari, mwenzenu, kwa mtu aliyekuwa akizungumzia kwenye ngazi ya hoteli ili watoto walale. Akanisikiliza, akasema, "Haya, nimekuelewa," akanitakia usiku mwema.

Juu ya kilima chetu kuna mnara wa mawe wa mwaka 1742. Nilikuwa nimeupita mara nyingi na mbwa wa jirani kabla sijajua ulijengwa kwa nini. Baridi kali ya mwaka 1740 ilileta njaa iliyoua watu wengi nchini humu, na mwenye ardhi ile, John Mapas, akawapa kazi wenye njaa: wajenge mnara, na wajenge kuta kuzunguka vilima vyake. Walipata chakula, hilo ni jema. Lakini nikipita pale nautazama ukuta, nafikiria mtu aliyebeba mawe yale tumbo likiwa tupu, na jioni akatoka akabaki upande wa nje.

Mwaka jana, idadi ya watu walio kwenye makazi ya dharura Ayalandi ikiwa imepita 15,000, lilibandikwa tangazo jingine, kiwanja kingine. Niliandika barua ya kuunga mkono. Ni euro 20 zilezile. Majirani waliliona jina langu kama dada alivyoliona, na ile mialiko ya Alhamisi ikaisha. Jirani wa nyumba ya pili bado ananisalimu.

Dada alikaa hotelini miezi kumi na tisa. Sasa ana nyumba, kaskazini mwa mji. Tunazungumza, aliniletea kanga nilipofiwa na mama, akakaa nami hadi usiku, lakini tulikutana kwa rafiki yetu, si kwangu. Kwangu nimemwalika mara nne. Kila mara ananishukuru, ananiambia Killiney ni mbali. Kutoka Connolly ni treni moja, dakika zisizofika arobaini.