Nguzo ya Maji

Yupo mtu katika Buswelu ambaye, mvua za vuli zikikaribia, huamka kabla ya jua, akapanda jabali lililo nyuma ya nyumba yake, akatazama upande wa ziwa. Jirani zake huyatazama mawingu wapate kujua kama watapanda mahindi. Yeye huyatazama apate kujua kama atachukua kamera. Hupiga picha za arusi na za vitambulisho, na kazi hiyo ndiyo imlishayo. Lakini moyo wake umetekwa na chamchela za Ziwa Victoria, zile nguzo za mvuke na maji zinazoning'inia toka wingu jeusi hata usoni pa ziwa, zikazunguka kwa dakika chache, kisha zikakatika kama uzi.

Kuziwinda si jambo jepesi. Katika nyanda za Marekani wawindaji wa visulisuli hufuata kwa magari barabara zilizonyoka, na dhoruba huonekana toka mbali. Huyu hana ila pikipiki, na majabali ya njia ya Igombe humficha ziwa wakati ule ule anapolihitaji. Safari moja alikimbilia nguzo nyeusi iliyosimama juu ya maji, akafika akakuta ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, wakipaa pamoja mfano wa moshi. Wavuvi walimcheka sana, wakampa dagaa wa kitoweo, akarudi.

Hata hivyo hakujiona mpuuzi. Alikuwa amesoma habari za Tetsuya Fujita, mtaalamu mzaliwa wa Japani, ambaye baada ya kisulisuli kuupiga mji wa Fargo, Marekani, mwaka 1957, alikusanya picha zilizopigwa na watu wa kawaida, akazipima moja moja, akaeleza kwa hizo jinsi wingu lilivyokizaa kisulisuli. Mwanza ina rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Lakini nguzo ya maji ni nyembamba na maisha yake ni mafupi, yaweza kuiponyoka. Basi picha yenye saa na mahali, aliwaza, ni ushahidi.

Asubuhi moja ya Novemba aliipata aliyoitafuta. Nguzo ilishuka mbele ya Igombe, kijivu juu, nyeupe chini, maji yakitimka kwenye shina lake kama vumbi la ng'ombe. Alipiga picha 31. Iliyo bora aliichapisha kubwa, akaitundika dukani, na watu wakawa wanakuja kuitazama hata wasiokuwa na haja ya kupigwa picha.

Akaja mzee mmoja, mvuvi wa zamani, kutaka picha ya kitambulisho. Aliitazama ile ya ukutani kwa kitambo kirefu.

"Mwanangu, mtumbwi huu ni wa nani?"

"Upi, mzee?"

Mzee akaweka kidole pembeni, upande wa kushoto. Palikuwa na doa jeusi, refu kidogo, lenye vidoa viwili juu yake.

"Walifika?"

"Sikuwaona, mzee. Nilikuwa nikitazama nguzo."

Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku usio na mwezi, na usiku ndio wakati wa dhoruba za ziwa hili: upepo wa nchi kavu huvuma toka pande zote kuelekea majini, ukakutana katikati, ukaipandisha juu hewa yenye unyevu. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Wako watakaosema kuwa mpiga picha hana lawama, maana mikono yake isingeweza kuizuia chamchela. Ni kweli, lakini mzee hakumwuliza hilo.

Picha aliitungua siku ile ile, akaichukua kwenye mialo. Pale Igombe walimwambia mtumbwi wafanana na ya Kayenze. Kule Kayenze waliipokezana mkono kwa mkono, wakasema chombo hakitambulikani kwa doa. Kijana mmoja aliyekuwa akianika dagaa alimwuliza ilikuwa saa ngapi. Hilo alilijua barabara, kwa kuwa alikuwa ameliandika nyuma ya picha: saa 1 na dakika 12.

"Saa hiyo," akasema kijana, "sote huwa tunarudi."