Uliza kwanza kwa nini dirisha limefungwa

Watu wengi wakisikia "hewa chafu" wanawaza malori ya barabara ya Bujumbura. Lakini mtoto mchanga hashindi barabarani. Anashinda ndani, mgongoni kwa mama yake, karibu na mbabula. Ndiyo maana sisi vijana tunaofanya kazi na wakimbizi hapa Rumonge tulianza kupima hewa ya ndani, nyumba kwa nyumba.

Vyombo vyetu ni viwili tu. Kimoja kinaonyesha unyevu wa hewa kwa asilimia. Kingine kinahesabu vumbi laini la moshi, wanaloita PM 2.5. Ni chembe ndogo sana, pua haizikamati, zinashuka mpaka ndani ya mapafu. Mwaka 2021 OMS ilisema wastani wa siku nzima usipite maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Washa kuni ndani ya nyumba ndogo, namba inafika mamia kabla maji hayajachemka. Makala nayo yanadanganya: moshi kidogo, lakini yanatoa gesi inayoua, haina harufu wala rangi, na kamashini ketu hakaioni. Kwa hiyo namba ikiwa nzuri, usilale na mbabula yenye moto, bana.

Kila mahali pana shida yake. Kwenye stoo ya ndagala, shida ni unyevu. Ndagala iliyokauka inavuta tena maji ya hewani, kisha inaota ukungu. Wamama wauzaji walijua hayo kabla yetu, magunia yao hayagusi sakafu. Kule Mvugo, upande wa Nyanza-Lac, FAO ilifundisha kuanika juu ya vichanja vya wavu badala ya mchangani, upepo upite juu na chini.

Nyumba za matofali mabichi karibu na ufuko, ukuta wenyewe unakunywa maji, zaidi tangu ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia majumbani. Na chini ya shitingi, alfajiri matone yanawadondokea watu usoni. Si mvua, ni pumzi zao wenyewe. Zimegonga shitingi ya baridi zikageuka maji. Wengi waliovuka kutoka Fizi Januari 2018 na kulala kwenye mahema wanaikumbuka hiyo baridi.

Sasa niseme juu ya mama mmoja, jina nitaliacha. Chumba kimoja, watoto wanne, wa mwisho anakohoa. Asubuhi unyevu ulikuwa 86, na nyuma ya kitanda ukuta mweusi. Dirisha lilikuwepo, limepigiliwa mbao. Mwenzangu akamwambia afungue. Mama akatuangalia, akasema polepole:

"Mwanangu, kule kwetu waliingia kwa dirisha. Hako kamashini kako katanilindia watoto usiku?"

Tukanyamaza. Hakuna karatasi ya mafunzo yenye jibu la hilo swali.

Tulimwachia chombo wiki nzima. Akawa anasoma mwenyewe, mkubwa wake anaandika namba kwenye kipande cha katoni. Siku ya nne akatuita. Alikuwa ameona mambo mawili. La kwanza, kufungua mlango alfajiri hakusaidii, hewa ya ziwa saa hiyo imejaa maji. Saa sita mchana ndiyo namba inashuka. La pili, moshi unapanda hata siku ambazo yeye hajawasha kitu. Ni wa jirani, unapita juu ya ukuta.

Basi tukakaa na jirani, na mzee mmoja wa mtaa akiwepo. Wakakubaliana jiko la kuni liwe moja, nje, chini ya kipaa cha mabati, watumie wote wawili. Fundi akatoboa tundu juu kabisa, chini ya paa, akaliziba kwa wavu wa chuma ambao mkono haupiti. Dirisha likabaki limepigiliwa. Wiki mbili baadaye asubuhi tulisoma 74. Si ajabu kubwa, lakini kitanda kilikuwa kikavu. Mtoto tulimpeleka kituo cha afya, kwa sababu kupima hewa si kutibu.

Kwa wenzangu wa kambini: hata bila chombo unaweza. Matone alfajiri, nguo zinazonuka ukungu, macho kuwasha wakati wa kupika, hivyo ni vipimo tosha. Mwenye chombo akiweke pale mtoto anapolala, si juu ya sufuria, maana mvuke nao unahesabiwa kama vumbi.

Na nyinyi mnaokuja na fomu za HCR na mashirika, mkiona dirisha limefungwa, msiandike tu "hawajui usafi wa hewa". Ulizeni linafungwa kwa ajili ya nani. Na mnapojenga nyumba mpya, tundu la juu lenye wavu liwekwe siku ya kwanza, ili mtu asichague kati ya kupumua na kulala bila hofu.