Mama Naye Apate Wasaa wa Kukaa Kimya

Katika lugha yetu mtu akisemwa kuwa "amejitenga", hajasifiwa. Huenda ana kiburi, au ni mgonjwa, au amekosana na wenziwe. Jaribu kukaa peke yako nyuma ya nyumba, mikono mitupu, bila kuchambua mchele wala kushika simu. Hazitapita dakika tano kabla jirani hajakuuliza una nini. Hatujazoea kuamini kwamba mtu mzima mwenye afya aweza kukaa kimya kwa sababu tu roho yake inahitaji kimya.

Hata hivyo, dini zetu zinakiheshimu kimya. Waislamu wana itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, hasa katika siku kumi za mwisho za Ramadhani. Wakristo wanasoma katika Injili ya Marko kwamba Yesu alitoka kabla ya mapambazuko akatafuta mahali pa faragha ili asali, na hata huko Simoni na wenzake wakamfuata kumwarifu kuwa anatafutwa na kila mtu. Mzazi mwenye watoto wadogo atakielewa kisa hicho bila kuhubiriwa. Na wala jambo hili si la kigeni. Ukishika barabara ya Kondoa kutoka kwetu utafika Kolo, penye michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pango la Mongomi lililopo huko watu bado huliendea kwa matambiko.

Tatizo letu sisi ni mahali. Bonga ni kata ya mji wa Babati, nayo imekaa juu ya barabara kuu iendayo Dodoma. Tangu barabara hiyo ilipozinduliwa ikiwa ya lami mwaka 2018, vumbi limetuondokea na malori yameongezeka. Mlima Kwaraa, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, tunauona na msitu wake. Lakini mfanyakazi aliyerejea saa kumi na mbili jioni, mtoto mgongoni, ataupanda saa ngapi?

Nyumbani kwetu tuko watu saba katika vyumba vitatu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiona jambo moja bila kulipa jina. Mume wangu akimaliza kula huchukua kigoda chake akaketi nje gizani, na watoto huambiwa, "Msipige kelele, baba amepumzika." Simlaumu, hakumnyang'anya mtu, desturi ndiyo iliyompa. Lakini kimya kile hakikushuka kutoka mbinguni. Kulikuwa na mtu ndani aliyekitengeneza: aliyewazuia watoto, akaosha masufuria polepole yasigongane, akambembeleza wa mwisho asilie. Mtu huyo hakuna aliyepata kumsemea kwamba amepumzika. Sala zangu mwenyewe nilizisali nikiwa nimesimama, nusu yake nikihesabu fedha za kesho.

Nilipolitaja jambo hili, mume wangu alinyamaza kwanza. Mama mkwe ndiye aliyejibu, na jibu lake sikulitazamia. "Mwanangu," alisema, "sisi tulikuwa na njia ya kisimani. Alfajiri unakwenda peke yako, ndoo tupu, hakuna wa kukuita. Ninyi mmeletewa bomba uani, njia mmeipoteza." Nimelifikiri sana neno hilo. Siitamani ndoo ile kichwani, na anayewasifia wanawake mizigo yao ya zamani simsikilizi. Lakini ni kweli kwamba kila kazi iliyosogezwa karibu na mlango imetupunguzia hatua pamoja na upweke ule mwema, na muda tuliouokoa umejazwa kazi nyingine.

Basi tukapatana. Baada ya chakula cha jioni kila mkubwa ana zamu yake ya nusu saa kwenye kile kigoda, na mwingine hushika nyumba. Aliye nje haitwi ila kwa ugonjwa au moto. Simu hubaki kabatini. Mume wangu ameosha masufuria, tena kwa kelele nyingi mno.

Usidhani, msomaji, kwamba utulivu ulinijia siku ile ile. Wiki za kwanza niliketi na karo, bei ya mbaazi, na maneno niliyoambiwa kazini; vyote vilinizonga kwa kuwa sasa vilinikuta nimekaa. Nilitaka kurudi ndani nikafanye kazi, maana kazi ni rahisi zaidi. Kisha jioni moja nilitambua kwamba nimesali bila kuomba kitu chochote. Sikuona maono, wala matatizo hayakwisha. Nilikuwapo tu, nami nikahisi kuwa siko peke yangu. Malori yalikuwa yakipita kama kawaida.

Sasa binti yetu wa miaka kumi na moja naye amedai zamu yake. Baba yake anasema mtoto hana jambo la kulinyamazia. Mama mkwe anamwambia mwanawe kwamba yeye alipokuwa na umri huo alikuwa na mengi. Ninapoandika haya bado hawajaafikiana, na binti ameshajichagulia kigoda.