Mnyama Anapozeeka Nyumbani

Paka wetu hapa Voi amezeeka. Meno yamempukutika, na kiu haimwishi, jambo ambalo huweza kuwa dalili ya maradhi ya figo. Wako walionishauri nimtie guniani nikamtupe porini upande wa Tsavo, kwa kuwa hawindi tena.

Nikamkumbuka Magawa, panya buku aliyefunzwa Tanzania na shirika la APOPO. Huko Kambodia alifichua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Alipostaafishwa mwaka 2021 hakutupwa. Alitunzwa hadi alipokufa Januari 2022.

Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha kwa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Basi paka asiye na meno, ukimtupa porini, atajitafutia kwa nini?

Mama zangu na dada zangu, mpeni samaki laini aliyechambuliwa miiba, na maji yawe karibu naye. Msimpe parasetamoli, humuua paka. Muulizeni daktari wa mifugo. Watoto wetu wanatazama jinsi tunavyomtendea aliyeishiwa nguvu, nasi pia umri unakwenda. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma.