Chapati za kashata zilivyomrudisha Bibi mezani

Mama yangu alipopanda kutoka Kaoze kuja kukaa nasi Sumbawanga mjini, mwezi wa tano, alikuja na mfuko wa karanga, kinu chake kidogo na shuka mbili. Shuka hazikutosha. Anayeijua njia ya kutoka Bonde la Ziwa Rukwa kuja huku juu Ufipa anajua kwamba unaacha joto la bondeni, unafika mahali penye mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, ambako mwezi wa sita na wa saba watu huvaa makoti hata mchana. Kwa hiyo wiki ya pili aliposema atakuwa anakula chumbani kwake kwa sababu sebuleni kuna baridi, nilimwamini.

Sikupaswa kumwamini. Chumba chake ndicho chenye baridi kuliko vyote humu ndani.

Sahani zake zikaanza kurudi karibu kama zilivyokwenda. Ugali umemegwa pembeni, maharage yamenywewa mchuzi tu. "Nimeshiba, mwanangu." Baada ya wiki tatu niliona kitenge alichokuwa akijifunga kinamzunguka mara mbili.

Hapo ndipo nilipokumbuka jioni moja. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, alimtazama bibi yake akitafuna, akasema, "Bibi, unatafuna kama mbuzi!" Mama amebakiwa na meno manne, yote ya chini. Meza nzima ikacheka. Wazazi wenzangu, na mimi nilicheka. Hata Bibi alicheka, akiziba mdomo kwa upindo wa khanga. Kesho yake ndipo baridi ya sebuleni ilipoanza.

Mama huyu alinisomesha kwa kashata. Ilikuwa miaka ya 1990, wakati shule ya msingi bado ina ada. Kila alfajiri alikaanga karanga, akayeyusha sukari kwenye sufuria, akachanganya, akamwaga juu ya ubao, akasawazisha kwa chupa na kukata kabla haijakauka. Saa nne alikuwa chini ya mwembe karibu na shule yetu, sinia mapajani.

Nilipokuwa darasa la tano alihamia msichana mgeni, mtoto wa mtumishi wa serikali, mwenye viatu vya kung'aa. Nilitaka sana awe rafiki yangu. Tulipofika kwenye mwembe akaniuliza, "Huyu mama ni nani kwenu?" Nikajibu, "Jirani."

Mama alisikia. Aliinua macho mara moja, akayashusha. Nikampa sarafu ya shilingi 10, ileile aliyonipa asubuhi. Akaipokea, akanikatia kashata kama anavyomkatia mtoto mwingine yeyote, akasema, "Karibu tena." Nyumbani hakusema neno. Hajasema neno mpaka mwaka huu, na mimi sijawahi kuomba msamaha. Nilijiambia amesahau.

Sasa turudi kwenye likizo ya mwezi wa sita. Binti yangu mkubwa alirudi kutoka sokoni na kashata mbili. Kitinda mimba akarukia moja. Tatizo ni kwamba yeye naye ni kibogoyo kwa sasa: meno mawili ya mbele juu yameng'oka na la pembeni linacheza. Aling'ata, jino likatikisika, damu kidogo ikatoka, na kilio chake kikasikika nyumba ya tatu.

Mlango wa chumba cha Bibi ukafunguka. Alitoka na kinu. "Lete hapa. Kashata haipiganwi nayo."

Akaiponda taratibu hadi ikawa chenga laini, akamimina kwenye kiganja cha mtoto. Mtoto akalamba, akanyamaza. Chenga zilizobaki kwenye kinu Bibi alizilamba yeye. "Karanga hazikukaangwa zikaiva," akasema. Kilikuwa chakula cha kwanza kumwona akila mbele ya wanangu kwa karibu mwezi mzima.

Mimi nilikuwa jikoni nakoroga chapati za maji za chai ya saa kumi. Mtoto akaja na kiganja chake: "Mama, tumwagie kwenye chapati!"

Nilimwaga chenga moja kwa moja kwenye rojo. Nawaambia ili msirudie kosa langu: sukari ya kashata imeshapikwa mara moja, ikigusa kikaango tena inaungua na kunata. Chapati ya kwanza ilitoka vipande vyeusi. Bibi akanisogeza kwa kiwiko. "Kashata inakuja mwisho," akasema.

Tulivyofanya ni hivi. Rojo: unga wa ngano vikombe viwili, mayai mawili, maziwa vikombe viwili, maji nusu kikombe, kijiko kimoja cha sukari, chumvi kidogo na iliki. Koroga hadi mabonge yaishe, kisha acha rojo litulie nusu saa ili chapati iwe laini. Likiwa zito ongeza maji. Linatakiwa lisambae lenyewe ukiinamisha kikaango. Paka mafuta kidogo, mimina upawa mmoja, moto wa wastani. Juu ikikauka, geuza. Upande wa pili ukishaiva, epua, nyunyiza vijiko viwili vya chenga za kashata chapati ikiwa bado ya moto, kunja na uifunike dakika mbili. Mvuke unailainisha sukari, na hata asiye na meno anaila kwa ufizi.

Kama unatengeneza kashata mwenyewe, kikombe kimoja cha sukari kinatosha vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa. Sukari iyeyuke kwa moto mdogo, bila maji, hadi iwe rangi ya asali. Hapo watoto wasikaribie jiko, kwa sababu sukari iliyoyeyuka inaunguza kuliko maji ya moto na inang'ang'ania ngozi. Kazi ya watoto ni kuchambua karanga kabla hazijakaangwa. Bibi aliwakalisha mkekani, akawafundisha kutupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Yeye alifundishwa hivyo na mama yake kwa ajili ya ladha. Sisi tunajua pia habari ya sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kuchambua hakumalizi hatari yote, lakini kunapunguza.

Na kwa wenye watoto wadogo: karanga nzima au vipande vikubwa visipewe walio chini ya miaka mitano, wanaweza kupaliwa. Ponda zilainike kabisa. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja. Kama kuna mtoto anayevimba au kubanwa pumzi akila karanga, kwake weka ndizi peke yake.

Chapati zilizobaki hatukuzikunja, tuliwaachia watoto wazichoree nyuso. Vipande vya ndizi vikawa macho, chenga za kashata zikawa nywele, mstari wa asali ukawa mdomo. Binti yangu alitengeneza mwalimu wake mwenye nywele za kusimama, tukacheka sana. Kitinda mimba alikaa kimya na yake, ulimi nje. Alipanga karanga nusunusu ndani ya mdomo, moja huku, moja kule, na nafasi kubwa katikati. Akaibeba kwa mikono miwili hadi kwa bibi yake.

"Huyu ni nani?" Bibi akauliza.

"Ni mimi. Na wewe pia. Tunafanana."

Bibi akaitazama muda mrefu. Kisha akakaa mezani, kwenye kiti chake cha zamani, akaichana chapati katikati, nusu yake, nusu ya mjukuu. Walitafuna pamoja kama mbuzi wawili na safari hii hakuna aliyeziba mdomo.

Nilikuwa bado nimesimama kwenye kikaango, nikijifanya moshi ndio unaoniliza. Ndipo nikamsikia ameinua sahani juu.

"Jirani," akasema, "niongezee nyingine."

Upawa ulinitoka mkononi. Nikageuka. Alikuwa ananitazama, ufizi wote nje, macho yanacheka. Zaidi ya miaka 30 alikuwa nalo.

"Bibi, mbona unamwita Mama jirani?" binti yangu akauliza.

"Muulizeni mwenyewe."

Basi nikazima jiko, nikakaa, nikawasimulia: mwembe, sinia, viatu vya kung'aa, sarafu. Nikasema mbele ya wanangu, "Mama, nisamehe." Akanipigapiga goti kama mtu anayefukuza nzi. "Ulikuwa mtoto. Na ulilipa."

Kitinda mimba alikuwa akifikiri. "Kwa hiyo Bibi alikutoza hela?"

"Alinitoza."

"Ni sawa," akasema, akaendelea kula.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Mama kuangaliwa kinywa. Shina la jino moja lilikuwa limeoza na kumuuma kila alipotafuna, hakutaka kutusumbua. Liling'olewa. Sukari yake ilipimwa pia, iko sawa, ila chapati za kashata tunazipika Jumamosi tu. Maharage tunayaponda kidogo siku hizi, na mboga tunakata ndogo, kwenye sufuria moja ya watu wote.

Mwezi wa saba umeingia na Ufipa bado inatetemeka. Bibi anakula sebuleni.